Mkono wa Mama Haukutetemeka

Jumapili, Kosele. Mvua imeshika tangu alfajiri, soko limelala, na duka langu nimelifungua nusu mlango kwa sababu leo sitaki mteja. Nataka kuandika. Nina hasira niliyokaa nayo tangu Jumanne, na leo ndiyo imepoa kiasi cha kushikika.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana najua wako watakaoanza nalo.

Mimi hupiga video na kuzihariri. Harusi, mazishi, mahafali, lolote linalokusanya watu na viti vya plastiki. Wiki mbili zilizopita kanisa letu la zamani kule Karungu liliniomba jambo dogo. Kwaya ilikuwa na siku yake, Sabato alasiri, na walitaka ile video yao ya zamani ionyeshwe ukutani. Mama yangu ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya ile tangu mimi sijajua kusoma. Wote wanamwita Mwalimu Rispa, hata wale ambao hawajawahi kumwona akiwa amesimama.

Video yenyewe iko kwenye kanda, ya zile kamera za kanda ndogo, na kanda ilikuwa ndani ya kopo la majani chai chini ya kitanda cha mama. Hakuna nakala nyingine popote. Ilipigwa miaka kumi na moja iliyopita. Ndani yake mama amesimama mbele ya kwaya na gauni la buluu, na mkono wake wa kulia unaongoza.

Siku hizi hauongozi. Kiharusi kilimpata miaka minne iliyopita na upande wa kulia ukalala. Nilimleta hapa Kosele tuishi pamoja. Anakula kwa mkono wa kushoto, anafungua Biblia kwa mkono wa kushoto, na hakuna redio inayoimba mbele yake ikapona kukosolewa.

Nilikopa kamera ya kanda kwa rafiki yangu Homa Bay. Skrini yake ilikufa zamani lakini bado inavuta kanda. Nikaiingiza kanda nzima kwenye kompyuta, saa moja ya kuimba, nikarudisha kamera kwa mwenyewe. Kilichobaki ni kuibadilisha ile faili ya zamani iwe ya kisasa, iweze kucheza kwenye simu za watu na kwenye projekta ya kanisa.

Tatizo la kwanza nilikuwa nalitarajia. Kila mama alipopunga mkono, ukingo wake ulitoa mistari kama meno ya kitana. Video za zamani ndivyo zilivyo, na programu ina mahali pa kuiondoa hiyo mistari. Nikachagua mipangilio ninayoitumia kila wiki, ambayo nimeihifadhi kwa jina HARUSI, nikabonyeza, nikaenda kusonga ugali. Niliporudi meno yalikuwa yamekwisha. Nikakata kipande cha dakika moja katikati ya wimbo wa tatu, nikakituma kwenye kundi la kwaya kwenye simu. Nikaandika: onjeni kwanza.

Sikukitazama vizuri kabla ya kukituma.

Jibu la kwanza lilitoka kwa Mzee Ogutu. Kwa usiyemjua, huyu ni mzee wa kanisa, na ndiye aliyemwondoa mama mbele ya kwaya mwaka mmoja baada ya kanda ile kupigwa. Wakati huo mama alikuwa mzima kabisa, analima, anabeba maji. Mzee alisema kwaya inahitaji damu mpya. Lakini sisi sote tulijua kwamba mama alikataa kwaya iimbe jina la mwanasiasa ambaye Mzee alimleta kanisani kuomba kura. Mama hakubishana. Alikunja madaftari ya nyimbo, akamkabidhi, akaenda kukaa benchi la nyuma, na hapo ndipo kiharusi kilipomkuta miaka sita baadaye.

Sasa, Jumanne hiyo, Mzee alituma ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi mno, nimeushika kichwani.

"Sasa mmejionea wenyewe. Hiyo mkono ya Mwalimu Rispa ilikuwa inatetemeka tangu hiyo time. Ugonjwa ilikuwa imeanza. Sisi tulimpumzisha kwa upendo, na watu wakatusema vibaya."

Nikafungua kipande changu mwenyewe, nikatazama. Mkono ulikuwa unatetemeka. Si kidogo. Kila alipoupeleka kulia ulipiga mtetemo mfupi mfupi, kama wa mtu mwenye homa. Kundi likajaa pole. Mmoja akaandika kwamba Mungu humwandaa mtu mapema. Lavenda tu, yule dada anayeiongoza kwaya siku hizi, hakuandika neno.

Na mimi nikaamini. Hili ndilo linalonichoma hadi sasa hivi ninapoandika. Jumatano na Alhamisi nilitembea hapa dukani nikiamini kwamba mama alikuwa mgonjwa miaka yote hiyo na mimi, mtoto wake, niliyekula naye sahani moja, sikuona. Nilimtazama akisinzia kwenye kiti, nikautazama ule mkono mapajani mwake, nikauomba msamaha kimoyomoyo. Sikumwambia chochote. Video yenyewe nilimwambia bado haijaiva.

Halafu nikaanza kuutibu. Nikidhani labda kanda imechakaa, nilipunguza mwendo wa picha. Nililainisha rangi. Nikasema pengine nimeibana faili kupita kiasi, nikaiongezea ukubwa mara tatu. Mkono ukatetemeka vilevile, ila sasa ulitetemeka kwa picha safi zaidi. Nilijaribu kuchanganya picha mbili mbili ziwe moja, mama akatoka na mikono miwili ya kulia, mmoja hafifu nyuma ya mwingine. Siku mbili zilipita hivyo. Na katika siku hizo mbili sikuwa natafuta kosa, nilikuwa natafuta namna ya kuficha ugonjwa. Mzee Ogutu alikuwa ameshinda na mimi ndiye niliyekuwa nikimfanyia kazi.

Ijumaa saa tisa alasiri nikaiona baiskeli.

Nyuma ya kina mama wa sauti ya alto kuna dirisha, na katikati ya wimbo wa tatu mtu anapita nje na baiskeli. Nilikuwa nimeutazama ule wimbo mara mia, lakini nani hutazama dirisha mama yake akiwa mbele? Siku hiyo macho yalikuwa yamechoka kumtazama mama, yakaenda pembeni. Baiskeli ilikuwa inatetemeka. Nikaisogeza video picha moja moja. Baiskeli ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda mbele, ikarudi nyuma. Hakuna mtu anayeendesha hivyo, hata aliyetoka kunywa chang'aa.

Nikawatazama waimbaji waliosimama tuli. Tuli kabisa. Ukuta, tuli. Kila kitu kilichokwenda kilitetemeka, na kila kilichosimama kilisimama. Basi kama mkono wa mama ulikuwa mgonjwa, na baiskeli nayo ilikuwa na kiharusi?

Nieleze kwa wasiofanya kazi hii. Kamera zile za zamani hazikupiga picha nzima kwa mara moja. Zilipiga nusu mbili: mistari ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea, kisha kufumba na kufumbua ile ya pili, ya nne, ya sita. Nusu moja ni ya mapema, nyingine imechelewa kidogo. Unapoigeuza video iwe ya kisasa lazima uiambie kompyuta ni nusu ipi iliyotangulia. Ukikosea, inaonyesha ya baadaye kwanza na ya mapema baadaye, na kila kinachokwenda kinakuwa kinaenda mbele na kurudi nyuma. Kamera ninazotumia kwenye harusi huanza na mistari ya juu. Kanda zile huanza na ya chini. Nilimvalisha mama mipangilio ya bibi harusi.

Nikabadilisha neno moja tu. Badala ya juu, chini. Nikajaribu sekunde kumi.

Mkono ukapita kutoka kushoto hadi kulia kama mtu anayenyoosha kitambaa cha meza. Nililia, nikajipangusa, halafu nikakasirika upya, safari hii kwa raha zangu.

Shida ikawa saa. Sisi ni Wasabato, na jua likishatua Ijumaa kazi imekwisha. Kompyuta yangu ni mzee kuliko ndoa nyingi nilizozipiga picha, na kanda nzima ingechukua zaidi ya saa tano. Niliianzisha hivyo hivyo. Nikajiambia kwamba mimi sitaigusa, itafanya yenyewe, na Sabato asubuhi nitachomoa flashi tu.

Mama alikuwa amekaa mlangoni akijipepea kwa gazeti. Ilibidi nimweleze yote, kuanzia ujumbe wa Mzee hadi baiskeli. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye kompyuta itakayofanya kazi yenyewe, akanyanyua kichwa.

"Nyathina, mtoto wangu, jua likitua hiyo mashine iwe imezimwa."

Nikamwambia sitakuwa nafanya kazi mimi.

"Nani ameituma?"

Amri ya Sabato inamtaja mtumishi na inamtaja mnyama. Mama ameongeza kompyuta. Nilimkasirikia kweli. Nilimwambia kwamba kesho watu watakaa wauone mkono wake ukitetemeka ukutani, ukubwa wa mlango, na Mzee Ogutu atakuwa amestarehe mbele. Sauti yangu ilipanda. Yeye hakupandisha yake. Tangu augue maneno yanamtoka moja moja, na kila moja linatoka limechaguliwa.

"Wimbo wa tatu tu," alisema. "Hizo zingine hazikuwa nyimbo, tulikuwa tunapanga laini tu."

Nikasimamisha kazi ikiwa imefika theluthi moja. Ukishawahi kusimamisha kazi ya kompyuta mzee unajua inavyouma. Nikakata wimbo wa tatu, dakika sita, nikaanza upya. Nilitembea kati ya kompyuta na mlango, nikitazama asilimia na kutazama jua, na mama akanitazama mimi na kutikisa kichwa. Ulikamilika jua likiwa bado juu ya mabati ya posho mill. Nikauangalia mwanzo hadi mwisho, safari hii vizuri. Nikauweka kwenye flashi pamoja na kile kipande kibovu, nikazima kila kitu. Tulioga, tukawasha taa, tukaimba, mama na mimi, sauti tatu kati yetu, kwa kuwa mama hurukia mbili.

Jana jirani yetu mwenye gari la Probox alitupeleka Karungu. Mama alikaa mbele na fimbo yake. Ibada ilikwenda, chakula kikaliwa, alasiri ikafika. Lavenda alifunga mapazia na kuweka projekta. Nikamwomba nicheze vipande viwili badala ya kimoja. Mzee Ogutu akasema muda ni mchache, programu iko tight.

"Mzee," Lavenda akasema, "leo si ni siku ya kwaya?"

Nikasimama mbele. Niliwaambia kwamba kile kipande walichokiona kwenye simu nilikiharibu mimi, na kwamba nitawaonyesha nilivyokiharibu. Nikawaomba wasimtazame Mwalimu, watazame dirisha.

Nikacheza kile kibovu. Kisha baiskeli ikaingia dirishani, ikirukaruka mbele na nyuma, na kina mama wa alto wakaanza kucheka kwa kujizuia, halafu wakashindwa kujizuia. Nikacheza kile kizuri. Baiskeli ikapita taratibu, laini, na kwa kuwa sasa picha ilikuwa safi na ukuta mkubwa, tuliona vitu ambavyo kwenye kompyuta yangu ndogo sikuviona. Kofia nyeusi yenye ukingo wa kuzunguka. Mtungi wa manjano umefungwa nyuma kwa mpira.

"Si hiyo ni baiskeli ya Mzee?" akauliza mtu kutoka nyuma.

Ilikuwa yake. Hakuna aliyekuwa na kofia ile Karungu nzima.

Ninajua nilipaswa kunyamaza. Nilisema, "Basi Mzee wangu, kama mkono ule ulikuwa mgonjwa, na wewe siku ile hukuwa mzima."

Kanisa likacheka, hata mchungaji akainamisha uso kwenye kitabu chake. Nina aibu kidogo kwa kumchekesha mtu wa umri wake mbele za watu. Kidogo tu.

Lakini Mzee Ogutu hakufika alipo kwa kuchekwa. Alisimama polepole, akarekebisha koti.

"Computer siku hizi inaweza fanya kitu yoyote," alisema. "Na huyu ni mtoto yake. Ataacha kutengeneza mkono ya mamake?"

Kicheko kikazimika. Maneno hayo yalinipata pabaya, kwa sababu Jumatano na Alhamisi ndicho hasa nilichokuwa nikijaribu kufanya. Kama ningefaulu siku zile kuuficha ule mtetemo, ningesimama pale nikiwa mwongo na yeye mkweli. Nashukuru nilishindwa.

Ile video mbovu Mzee aliiamini kwa dakika moja tu kwenye simu. Ile nzuri ndiyo anaitakia ushahidi.

Nikatoa kopo la majani chai kwenye mkoba, nikaliweka juu ya meza mbele yake. Nikamwambia kanda iko humo. Achague mtu anayemtaka, wa Migori, wa Kisumu, wa popote, mtu asiyenijua, avute kanda hiyo mbele ya kanisa zima na kamera nzima yenye skrini. Sitakuwa hata chumbani. Mzee alilitazama kopo. Hakuligusa. Akasema si jambo la kufanyia Sabato, akakaa.

Ndipo watu wote wakageuka kumtazama mama. Nadhani walingoja alie, au amsamehe mtu. Mimi pia nilingoja. Alikuwa bado ameukazia ukuta macho, ingawa wimbo ulikuwa umekwisha.

"Alto," alisema, "waliingia mapema."

Wale kina mama, wengi wao sasa ni nyanya za watu, wakapinga kwa pamoja. "Aa, Mwalimu, hapana." Mama akaomba wimbo urudiwe. Nikaurudia. Akahesabu kwa vidole vya kushoto gotini, na ilipofika ubeti wa pili akanyanyua mkono ule wa kushoto, akasema, pale. Na kweli, ilikuwa pale. Walikuwa wameingia mapema miaka kumi na moja, na hakuna aliyewaambia.

Akawasimamisha. Sijui kama alipanga. Mkono wa kushoto ulipanda, na wao wakapanda nao. Ulikuwa mzito na mgeni kwa kazi ile, ulikata kona vibaya, lakini ubeti wa pili ulipofika aliwazuia kwa kiganja, akawazuia tena, kisha akawaachia, na alto wakaingia mahali pao. Nilikuwa na kamera mkobani na sikuitoa. Nimejiuliza tangu jana kwa nini, na jibu ni kwamba nilikuwa naimba.

Baadaye Lavenda alikuja akapiga magoti kando ya kiti cha mama, akamwomba aje mazoezini, awe anawafundisha. Mzee Ogutu akasema kutoka alipokaa kwamba jambo kama hilo ni lazima lipite kwanza kwa kamati.

Basi hapo ndipo nilipofika. Leo asubuhi nimeanzisha kanda nzima upya, na sasa hivi imefika asilimia sitini na nne. Mipangilio hii mipya nimeihifadhi kwa jina MWALIMU. Kile kipande kibovu sijakifuta. Atakayekitaka nitampa, na nitampa na kile kizuri, atazame dirisha mwenyewe. Kwenye kundi la simu nimeweka vyote viwili. Hakuna aliyeandika pole.

Mama ameamka na madai. Anataka madaftari ya nyimbo, yale aliyoyakabidhi kwa Mzee, na ameniambia nimpigie Lavenda ayafuate. Anataka gauni la buluu lipanuliwe kwenye kwapa kwa sababu halimtoshi, na anataka fimbo yake ibadilishwe mpira wa chini, maana inateleza. Nimemuuliza itakuwaje kamati ikikataa. Amenitazama kama anavyomtazama mtu aliyeimba vibaya.

Kesho ni Jumatatu, nitafumua na kushona. Mazoezi ni Jumanne saa kumi, na mwenye Probox nimeshamwambia. Kamati ikae itakapokaa. Mama atakuwa mbele na mkono wake wa kushoto, na alto wataingia pale anapotaka yeye.